Mtutu wa Shija na Dawa ya Ngoma

Mwanangu, nimesikia timu yenu mnatafuta mganga kabla ya mechi. Hebu kaa hapa kwanza. Kuna fainali moja tuliyocheza kule Nyasubi sitaisahau mpaka naingia kaburini.

Tulikuwa vijana wa Segese, tukicheza ule mchezo wa kuwindana kwa bunduki za rangi. Hewa inasukuma kidonge laini, kinampasukia mwenzako kifuani, naye anatoka uwanjani. Wapinzani walikuwa vijana wa Bulyanhulu, na mshindi alipewa mtamba. Wengine tulitaka sifa tu, lakini nahodha wetu Shija alimtaka mtamba yule kufa na kupona. Mahari ya mchumba wake, Mbuke, ilipungua ng'ombe mmoja, na baba mkwe alishasema wazi: mvua zikianza bila ng'ombe huyo, binti anaolewa kwingine.

Shija alikuwa amenunua mtutu mwingine, mrefu, si ule uliokuja na bunduki. Asubuhi ya fainali tukaufunga, tredi zake, ile mikato ya skrubu ya kukazia, zikakubali. Tukaweka kidonge ndani. Kikidondoka chenyewe, mtutu ni mpana. Kikikwama, ni mwembamba na kitapasukia humo humo. Chetu kilitulia, nikapuliza kwa mdomo, kikatoka pu! Tulikuwa tumepatia kabisa.

Shija hakuridhika, bwana. Akachomoa kichupa cha samli yenye dawa, ile wanayojipaka wacheza ngoma wetu wa Kisukuma siku ya mashindano, akaimimina ndani ya mtutu. Nami nikampigia makofi!

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu tupu. Vidonge vilikwenda kombo, kimoja kikampata mwenzetu mgongoni. Wale wa Bulyanhulu walicheka mpaka wakakaa chini, na Shija machozi yakamlengalenga.

Mapumziko akaja mjomba wangu, manju aliyeongoza ngoma tangu sijazaliwa. Hata shikamoo zetu hakuitikia. Alinusa mtutu, akatukazia macho.

"Nyie mmerogwa? Hii anapakwa mchezaji, apate moyo. Bunduki ina moyo?"

"Lakini mjomba, wewe ulishinda kwa dawa hii," Shija akasema.

"Nilishinda kwa kucheza mpaka nyayo zikachubuka! Dawa ilikuwa ya kuwatia hofu wale wa upande wa pili. Futa uchafu huo!"

Tukafunga kitambaa kwenye waya, tukasugua mpaka mtutu ukakauka, tukajaribu kidonge upya. Kipindi cha pili, weee! Shija akilenga, mtu anatoka. Akabaki mpinzani mmoja, kajibanza nyuma ya matairi. Alipochungulia tu, rangi ya njano ikamtapakaa kifuani. Mjomba akaanzisha wimbo, uwanja mzima ukaitikia!

Mtamba tulimswaga moja kwa moja hadi kwa baba mkwe, rangi imetujaa mpaka masikioni. Mzee akamzunguka, akamkagua meno, akamfungulia zizi. Mbuke ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Basi mwanangu, dawa mkiitaka jipakeni wenyewe, sikatazi. Babu zako walijipaka. Lakini chombo cha kazi kipime, kifute, kijaribu, na kikishakubali usikiongezee kitu kwa sababu ya wasiwasi wako. Wasiwasi dawa yake ni mazoezi. Mungu akujalie jicho kali na mkono usiotetemeka. Akupe ushindi wa mchana kweupe, na siku hiyo unikute ningali na nguvu za kucheza.