Salamu za Nuh na Redio ya Weris

Saa tatu na dakika hamsini na moja asubuhi, Jumatano, Weris Alio anabonyeza kitufe cha maiki. "Modogashe. Elfu kumi na saba. Ova."

Sauti ya Nuh, mwenye duka mjini Wajir, inajibu papo hapo. "Wajir. Elfu kumi na nane. Enda ulale, abaayo," anasema, akimwita dada kwa Kisomali.

"Lala wewe!" Watu kumi na mmoja waliobanana kibandani wanacheka.

Kinachouzwa ni redio ya mawasiliano, taar kama inavyoitwa hapa. Shirika moja la misaada linafunga ofisi yake Garissa na kuuza vifaa vyake kwa bei nafuu. Fedha zote zitaezeka upya wodi ya wazazi iliyoharibiwa na mvua za El Nino. Redio kama hii Nairobi inazidi shilingi elfu tisini. Hapa imeanzia elfu kumi na mbili.

Wanunuzi wako mbali, hivyo wanataja bei kwa taar. Kanuni ni mbili: anazungumza mmoja kwa wakati mmoja, na bei ya mwisho kusikika kabla ya saa nne ndiyo inayoshinda.

Weris, mwenye miaka 34, amekuwa akiwaitia watu jamaa zao hewani kwa miaka sita. Dakika tatu ni shilingi ishirini. Kumi na tano ni za mwenye redio.

"Koo ni langu, redio ni ya mtu," anasema.

Safari hii ana 18,500, za mbuzi aliowauza na mchango wa dada yake, Ardo. Zaidi ya hapo hana.

Saa tatu na dakika hamsini na tisa anazitaja zote.

Karani wa shirika, Wilkister, anarudia bei hiyo kutoka Garissa na kwa mara ya kwanza anataja jina: Weris Alio, Modogashe.

Kisha Nuh anabonyeza kitufe na hakiachii.

"Weris gani? Wa Mzee Alio? Assalaamu alaikum! Si kwenu lori yangu ilikwama kwa matope siku tisa, mkanilisha? Mzee iko mzima? Mama je? Mguu yake imepona? Mvua imenyesha? Ngamia iko na maziwa? Ile mbuzi nyeusi mkorofi bado iko? Alhamdulillahi. Haya basi, Wajir, elfu kumi na tisa. Ova."

"Wajir, ni saa nne na sekunde arobaini," Wilkister anasema. "Nimefunga. Modogashe imeshinda."

Kibanda kinalipuka kwa vigelegele. Ardo anamkumbatia dada yake, na waya wa maiki unawazunguka wote wawili.

Nuh, alipoulizwa baadaye, hakulalamika. "Ningetaja bei kwanza, salamu baadaye? Kwa binti ya Alio? Hiyo ni tabia gani?"

Weris anapanga kushusha bei ya dakika tatu hadi shilingi kumi na tano na kumfundisha Ardo kazi.

Redio ilifika Jumamosi kwa lori la Garissa. Saa tisa na robo iliunganishwa na betri ya gari. Wa kwanza kuita alikuwa Nuh.

"Leo salamu ni bure, walaal, ndugu yangu," Weris alimwambia.

Nuh alizungumza dakika kumi na nne.