Zamu ya Kumlinda Mdogo Wangu

Juzi nesi mmoja, binti mdogo tu, alitueleza pale zahanati kwamba mtoto mwenye usonji anahitaji kushikwa mkono na jamii nzima. Niliondoka kabla hajamaliza. Jamii! Mie hiyo jamii naijua, nimeishi nayo.

Tulipokuwa kule mashambani kwetu Rondo, mdogo wangu hakumsumbua mtu. Alikuwa hasemi, hapendi kushikwa, na kutwa nzima anapanga korosho mstari mmoja. Jirani alikuwa mbali. Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimebanana, ndipo maneno yakaanza. Mara kaingia kwa watu kamwaga maji mtungini, mara kapiga mayowe ngoma ikilia. Wakasema ana shetani. Wengine wakasema mama alivunja miiko alipokuwa na mimba yake, na baba, mwanamume mzima, asimtetee.

Mama alikuwa na akili kuliko wote wale. Alisimama mkutanoni, akamwamkia mwenyekiti shikamoo, akasema, "Jamani, shamba la kijiji tunalima kwa zamu. Ngedere tunawafukuza kwa zamu. Naomba na mwanangu tumlinde kwa zamu. Kila mama siku yake, asubuhi tu, nami nikalime kama wenzangu."

Wallahi, walicheka! Hata shangazi yangu, tumbo moja na baba, alicheka. Mwenyekiti akajifuta machozi, akasema, "Mama, mfunge mwanao, uje ulime." Kisha wakaendelea na habari za mbegu.

Mama angebaki nyumbani angeitwa mvivu, na mvivu hakugawiwa mahindi. Akajaribu kumfunga, mikono ikamkataa. Nikamfunga mimi, kwa kipande cha kanga, mguu kwenye tendegu la kitanda, halafu nikaenda zangu shule. Siku ya kwanza mdogo wangu alinipiga, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wale siwasamehe, na mwenyewe sijajisamehe, wala mtu asiniambie eti nilikuwa mtoto.

Haikupita hata miezi miwili. Asubuhi moja mama aliposhika jembe, mdogo wangu alikwenda mwenyewe hadi kitandani, akakaa chini, akaninyooshea mguu.