Pindo la Miaka Miwili

Mtaani walimwita Mama Pindo, na jina hilo hakupewa bure. Sare ya shule ikitoka mkononi mwake ilikuwa na pindo la vidole vinne, nene kama mkanda. Mzazi akilalamika kwamba gauni linamlemea mtoto miguuni, yeye hujibu bila kuinua macho kwenye cherehani kwamba mtoto hukua, kitambaa hakikui. Mwaka wa pili mzazi yuleyule hurudi, pindo likafumuliwa, gauni likashuka, na maneno yakaishia hapo. Kwa miaka thelathini aliishi hivyo: bakiza, usikate mpaka mwisho.

Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemlipa, ilikuwa wasiwasi. Bintiye akichelewa dakika kumi kurudi nyumbani, mama alikuwa amekwisha kumzika, kumlilia na kugawa nguo zake.

Mtoto alikuwa naye huyo mmoja tu, mwanamke mrefu, mkimya, karani wa masijala ya hospitali. Alitunza majalada ya wagonjwa, na wenzake walimwita Hakimu, kwa sababu tarehe ikikosewa kwenye karatasi hakuipitisha hata kwa machozi. Siku moja jirani alimwomba amrekebishie mwaka wa kuzaliwa kwenye kadi, jambo la kalamu moja tu. Binti akamwambia, "Shoga, karatasi ikianza kudanganya, anayekufa ni mgonjwa." Mama alikuwa dirishani akitunga sindano. Tundu la sindano likampotea, akalitafuta mpaka jirani akaenda zake.

Halafu kulikuwa na fundi umeme. Huyu alikuja mara ya kwanza kutengeneza swichi moja, akaendelea kuja kwa miaka mitatu, mpaka nyumba ikakosa cha kuharibika. Alikwisha kuomba kumuoa binti, tena kwa adabu, na mama alimkubali kabla hajamaliza sentensi. Sasa alikuwa amepata kazi ya kutandaza nyaya kwenye majengo mapya mji mwingine, safari ya siku nzima, na kuondoka ni Jumapili. Alitaka jibu Jumamosi. Ama aende akiwa na mchumba, ama aende asirudi tena.

Binti hakumkataa. Alimwambia asubiri. Na alichotaka kisubiriwe kilikuwa sayari.

Alhamisi alasiri alimweleza mama yake, amekaa kwenye kibao kando ya cherehani, simu mkononi inaonyesha duara lililojaa alama. Zohali, alisema, ni sayari ya mbali inayojikokota. Siku unayozaliwa inakuwa mahali fulani angani. Kisha inazunguka taratibu, na baada ya kama miaka ishirini na tisa inarudi palepale ilipokuacha. Ikirudi, wanaozisoma nyota wanasema, inakagua. Inagonga kuta za maisha yako kama mkaguzi wa majengo. Kilichojengwa kwa kweli kinasimama, kilichojengwa juu ya uongo kinaporomoka. Kwake yeye ingefika mwezi ujao na kukaa karibu mwaka mzima, na mwenye akili haanzi ndoa wakati mkaguzi yuko mlangoni.

"Na hiyo nyota inajuaje ulizaliwa lini?" mama aliuliza.

"Nimejaza tarehe, mama. Ile ya kwenye cheti."

Sindano ya cherehani ikapita pasipo kitambaa, ikagonga chuma, ikakatika. Mama akasingizia macho.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Utotoni binti alikuwa na kifua kibovu. Alipotimiza miaka saba hakuweza kutembea mpaka shuleni bila kukaa chini mara tatu njiani. Alipopata nafuu alikuwa na tisa, na mwalimu mkuu akasema darasa la kwanza ni la watoto wa miaka saba, huyu amekwisha kupitwa. Baba mtu alikuwa amefariki. Cheti hakikuwepo, kwa sababu hakuwahi kuandikishwa. Mama akaenda naye kwenye ofisi ya vizazi, akasimama dirishani, na karani alipouliza mwaka, akamtazama mwanawe aliyekonda kama uzi, akataja mwaka ulio miaka miwili mbele ya ule wa kweli. Siku na mwezi aliviacha vilevile. Ni pindo tu, alijiambia, tutakuja kulifumua.

Halikufumuliwa. Cheti kile kikazaa cheti cha shule, cha shule kikazaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa ajira. Darasani mtoto alikuwa mrefu kuliko wote, wakamwita Mlingoti, akadhani ni urefu wa ukoo. Mama naye akanyamaza, na kila mwaka uliopita ukamzibia mdomo zaidi.

Ijumaa hakushona kitu cha maana. Alikaa akihesabu kwa vidole, kama mtu anayepima kiuno cha mteja asiyekuwepo. Binti alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kama maneno ya nyota yana ukweli wowote, basi Zohali ilikwisha kuja mwaka juzi. Akaukumbuka mwaka huo. Ndio mwaka jalada la mgonjwa lilipopotea masijala, binti akasimamishwa kazi miezi minane. Walimshauri amtupie lawama karani mgeni aliyekuwa chini yake, mambo yaishe. Akakataa, akakonda, akakaa nyumbani anatazama ukuta, mpaka jalada likaonekana ndani ya kabati la daktari mmoja. Fundi umeme ndiye aliyekuja kila jioni miezi yote hiyo. Hakusema mengi. Alikaa kizingitini mpaka giza liingie, akaaga, akaenda. Basi mkaguzi alikuwa amekwisha kugonga kuta zote, na nyumba ilisimama.

Kisha vidole vikaendelea kuhesabu vyenyewe. Alimzaa binti akiwa na ishirini. Binti akiwa na tisa, yeye alikuwa na ishirini na tisa. Zohali yake mwenyewe ilimkuta amesimama pale dirishani, anataja mwaka wa uongo.

Akisema, binti ataacha kuogopa kitu kilichokwisha kupita, na mwanamume hataondoka bure. Lakini mdomo huohuo utamwambia Hakimu kwamba karatasi yake ya kwanza ni ya uongo, na zote zilizofuata vilevile. Huenda akapoteza kazi. Huenda mama akampoteza binti. Mficha uchi hazai, lakini waliotunga methali hiyo hawakusema anayeufunua anabaki na nani.

Alijaribu kwanza njia ya uchochoroni. Jioni ile alimvizia fundi umeme akipita na ngazi yake begani, akamsihi angoje mwaka mmoja tu, mambo ya nyota haya, mwanangu, ni ya kupita.

"Mama, nyota sigombani nazo," alisema yule fundi, akaishusha ngazi. "Kinachonichosha ni kungoja. Nimengoja mpaka wenzangu wananiita mlinzi wa zamu."

Njia ya uchochoroni ikaishia hapo.

Jumamosi asubuhi binti alikaa kumsaidia kufumua mapindo ya sare za mwaka uliopita, wembe mkononi, nyuzi zikimwangukia mapajani. Fundi alikuwa aje saa nne. Ilipofika saa tatu na nusu mama alisimamisha cherehani.

"Mwanangu, ile Zohali yako imekwisha kupita."

"Haipiti kwa sababu mtu ana haraka, mama."

"Ilipita mwaka juzi. Ule mwaka waliokusimamisha."

Akamweleza yote: kifua, mwalimu mkuu, dirisha, karani. Alieleza huku akilitazama pindo la gauni lililokuwa mbele yake, kwa sababu uso wa binti asingeuweza. Alipomaliza, wembe ulikuwa umesimama katikati ya mshono.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Mungu."

"Na mimi sikufaa kuwa wa tatu?"

Mama alisema wasingempokea shule. Binti akasema anajua, hilo analielewa; mtoto wa miaka tisa angelielewa pia kama angeambiwa. Kisha akazungumza kama anayejisomea mwenyewe. Miaka minane, alisema, amewarudisha watu dirishani kwa kosa la mwaka mmoja. Kuna mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimlilia, akamwambia aende, karatasi haibembelezwi.

"Nilimwambia hivyo nikiwa na hii yangu kwenye mkoba."

Mlango ukabishwa. Binti akaweka wembe chini, akapangusa nyuzi mapajani, akatoka. Mama akabaki miguu juu ya kanyagio, hakanyagi. Dirisha lilikuwa wazi, na hakujifanya hasikii.

"Kabla hujaniuliza lako," binti alisema nje, "mimi nina miaka thelathini na mmoja. Si ishirini na tisa."

Fundi umeme alikuwa na thelathini.

"Basi shikamoo," akasema.

Binti hakucheka. Alimwambia Jumatatu anakwenda kujiripoti mwenyewe kwa wakuu wa hospitali, na kwamba huenda wakamsimamisha tena, safari hii bila jalada la kutafutwa kabatini. Sauti yake ilikuwa ileile ya dirisha la masijala. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atapiga simu kwa mkandarasi, safari ataisogeza mpaka Jumanne, ili Jumatatu awepo.

"Sijasema ndiyo," binti alisema.

"Nimesikia. Lakini leo hujasema subiri."

Aliporudi ndani hakumtazama mama yake. Alifungua sanduku, akatoa cheti, akakisoma mstari kwa mstari kama cha mgonjwa asiyemjua. Mama akamuuliza kama atakunywa chai.

"Jumatatu utakuja na mimi," binti alisema. "Watamtaka aliyeniandikisha."

"Na wakinishtaki?"

Binti alikunja cheti kufuata mikunjo yake ya zamani. "Sijui, mama," akasema, na ilikuwa kweli kwamba hajui.

Jumapili yote hawakusemeshana zaidi ya maji na chumvi. Mama alishona sare tatu, akazifumua mbili. Usiku alipata usingizi wa kuibiaibia. Jumatatu, kabla binti hajaamka, alikuwa amekwisha kuvaa viatu, amekaa kizingitini pale alipozoea kukaa fundi umeme, anangoja kuitwa, anaurudia mwaka wa kweli chini kwa chini ili ulimi usije ukateleza tena ukaenda kwenye ule mwingine.