Wageni Waliokuja na Nyama Yao

Mama alipokuja kunitembelea Johannesburg, alibeba unga wa ugali, majani ya chai na swali moja: je, nina watu? Hakujali benki ninayofanyia kazi wala nyumba niliyopanga hapa Kensington. Alisimama barazani, akatazama kuta ndefu za majirani, akasema, "Hapa ukiugua, nani atajua?" Nilijua anakoelekea. Nisipomwonyesha watu, atanirudisha Nakuru, nami nikibishana na mama huwa nimeshindwa kabla sijafungua mdomo. Na sikutaka kurudi. Naupenda mji huu kijinga kabisa, kwa namna isiyoelezeka mbele ya wazazi.

Basi nikaalika watu Jumamosi mchana, tuchome nyama.

Sasa, ukialikwa kuchoma nyama huku, unabeba nyama yako mwenyewe. Mara ya kwanza sikujua. Nilikwenda mikono mitupu, nimejipamba, nikakaa kungoja mwenyeji anikaribishe, huku kila mtu akigeuza kipande chake motoni. Nilirudi nyumbani nimeshiba kachumbari. Siku hizi nimezoea, tena nimezoea hadi nikasahau kumwambia mama.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, gunia la kuni begani na kiti cha kukunja mkononi. Mama akamtazama kuanzia juu hadi chini. Wakafuata wenzangu wawili wa kazini na mabakuli ya nyama. Kisha rafiki yangu Mkongomani, fundi cherehani wa mtaa wa Bellevue, akashuka garini na sufuria kubwa.

"Jambo mama! Tumeleta nyama yetu!"

Mama aliingia ndani, akajifunga leso kiunoni, akatoka na kuanza kumshika kila mgeni mkono kwa mikono yake miwili. "Pole. Pole sana."

Wageni wakadhani hivyo ndivyo Wakenya wanavyosalimiana. "Pole, Mama! Sharp!" akajibu jirani kwa bashasha, yaani poa kwa lugha ya huku, na muda si muda walikuwa wakipeana pole wao kwa wao, wakicheka.

Mama akanivuta jikoni. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Usinifiche. Ni baba yako?"

"Baba amefanya nini?"

"Watu wanakuja na kuni, na viti, na chakula. Umewakusanya kwanza ndio uniambie wakiwepo. Ameaga lini?"

Nikaelewa. Mungu anisamehe, nikaangua kicheko. Mimi kicheko changu hakina adabu. Kikinishika hakiniachi hata msikitini au kanisani. Nilitetemeka mabega, sauti haitoki, na mama akadhani nalia, akanikumbatia na kuanza kulia kwa nguvu. Nikapapasa simu, nikampigia baba, nikaweka spika.

Baba akapokea kwa ukali. "Mama yako chumvi aliificha wapi? Hii mboga hailiki!"

Mama akaketi sakafuni pale pale. "Mzee, uko hai?"

"Kwa mboga hii? Sijui."

Tukacheka hadi nikashika mbavu. Nilipopata pumzi nikamweleza desturi ya huku, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba watu hawa wamekuja kula tu. Mama akainuka sakafuni. Akasimama dirishani, akamwona jirani amepiga magoti akipuliza moto, na yule Mkongomani akimkinga moshi kwa mfuniko wa sufuria. Nikaacha kucheka. Niliogopa kweli, maana mama akitazama hivyo huwa ameshaamua jambo.

"Nyumbani watu hungoja ufiwe ndio wakuletee kuni," akasema polepole. "Hawa wamekuletea ukiwa mzima."

Kisha akaichukua simu mkononi mwangu. Baba alikuwa bado analalamika.

"Mzee, sikiliza," mama akamwambia. "Huyu tumwache huku. Ana watu."