Mama Aliyeleta Feni

Kuna watu wakisikia kisa hiki huniuliza kama siku hizo nilikuwa nakunywa. Sijawahi kuonja pombe, na kama ningetaka kutunga uongo, ningetunga wenye faida. Haya niliyaona kwa macho yangu, tena mchana, hapa Eldoret, na mkono wangu huu ndio uliopokea kitu kutoka mkononi mwake. Wewe nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja. Nilikuwa na kibanda nyuma ya soko, natengeneza redio na pasi. Picha ya rais ilikuwa ukutani, kama kwa duka lingine lolote, na chini ya meza nilikuwa na jiko la makaa kwa sababu ya baridi. Baridi ya Eldoret unaijua. Kwa hivyo utaelewa nilivyoshangaa alasiri moja, mvua ya mawe ikipiga mabati, alipoingia mama mzee amebeba gunia, akalifungua, akatoa feni.

Feni, Eldoret. Nani anatafuta upepo huku kwetu?

Lakini haikuwa feni ya kawaida. Ilikuwa ya zamani sana, ya chuma kizito, na mabawa yake manne yalikuwa ya shaba iliyoota ukungu wa kijani. Bawa moja lilikuwa limepinda kama sikio la mbwa. Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani, na amevaa koti jeusi la mwanamume lililokaribia kufika chini, lenye vifungo vya shaba, kama yale ya watu wa reli. Watu waliokimbilia pale kwa veranda walikuwa wamelowa mpaka viatu. Koti lake lilikuwa kavu. Niliona hivyo, niamini, lakini sikufikiri kitu. Ungefikiri nini? Nilidhani tu kwamba alikuwa amepata mahali pa kujikinga njiani.

"Kijana, hii utaweza?" akaniuliza.

"Nitajaribu, Mama. Lakini ni ya nini? Si mtashikwa na homa?"

Akatabasamu. "Sio ya upepo. Ni ya sauti."

Akanieleza polepole, kwa sauti ya chini hata ikabidi niiname. Mzee wake, mumewe, alitia makaa kwenye injini za treni karibu maisha yake yote, na kelele za mvuke zikamkaa masikioni. Alipostaafu wakafungua duka Yamumbi, huko nje ya mji, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana usiku wa Yamumbi ni kimya. Kila kukiwa kimya masikio yake hupiga filimbi, na hawezi kulala. Feni hiyo mzee alikuwa ameinunua Kisumu kutoka kwa Mhindi aliyekuwa akihama. Wakaiwasha usiku mmoja, na mzee akalala kama mtoto. Miaka mingi alilala nayo, mpaka ilipoanguka kutoka kwa meza, na tangu siku hiyo ukiiwasha inatetemeka hadi meza inahama.

"Tukaiweka stoo," akasema. "Kutoka hapo ni mimi nilikuwa namsomea Biblia mpaka alale. Kila siku."

"Na sasa?"

"Sasa sauti yangu haifiki."

Nilidhani anaumwa koo. Nikamwambia aiache, nitaona.

Mota haikunisumbua. Nilisuka upya nyaya za koili, nikabadilisha bushi za mhimili, nikang'arisha mabawa kwa majivu na ndimu mpaka shaba ikatoa rangi yake. Lile lililopinda nikalinyoosha juu ya ubao kwa nyundo ya mpira. Nilipoiwasha, ikapiga kelele kama tingatinga na kutembea juu ya meza. Mabawa hayakuwa na uzito sawa. Na kubalansi mabawa, ndugu yangu, ndiko kunakomtoa fundi jasho. Unayafungua yote pamoja, unayapachika kwa chuma kilicholala juu ya nyembe mbili, halafu unayaachilia. Bawa zito litateremka lenyewe hadi chini. Hapo unabandika kipande cha sabuni kwa bawa la upande wa pili, unaachilia tena, unaongeza, unapunguza, mpaka uyasimamishe popote nayo yakae hapo hapo, yasiende kokote. Ukishapata, unatoa sabuni na kuweka kipande cha madini ya risasi chenye uzito ule ule.

Sikupata. Risasi yangu ikawa nzito, nikaisugua kwa tupa ikawa nyepesi. Nikaanza tena. Mama naye akawa anakuja kila alasiri, anakaa juu ya kreti karibu na mlango. Nilimkaribisha chai, akakataa. Nikamwambia asogee kwa jiko kwa sababu alikuwa akilalamika baridi, akasema hapo alipo panamtosha. Hakunihimiza hata siku moja. Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kule Sugoi, sura yake siikumbuki vizuri. Kwa hivyo sitakuficha: nilianza kungojea saa zake. Wateja wakija nawamaliza haraka ili akifika anikute nina nafasi. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza kwa nini sijaoa. Mambo ya wazazi tu.

Siku moja hasira zikanipanda, nikachukua nyundo nilipige lile bawa zito. Akaniinulia mkono.

"Usilipige," akasema. "Hilo halina makosa. Ni lile lingine limepungukiwa."

Akashika koti lake, akachagua kifungo kimoja chini kabisa, akaniomba mkasi. Kifungo kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu, vile vingine kwa uzi mweusi. Akakikata, akaniwekea kiganjani. Vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya kisima, lakini nani mwenye vidole vya moto Eldoret wakati wa mvua ya mawe?

Nikakibandika kwa sabuni nyuma ya bawa jepesi. Nikayaachilia mabawa, yakatulia. Nikayageuza robo, yakatulia. Nikayageuza tena, yakatulia kama saa iliyosimama. Nikakitia solda, nikafunga feni, nikaiwasha. Unajua ilivyolia? Haikulia. Ilihema tu, kama mtu aliyelala. Yule mama alifunga macho akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ndio hiyo," akasema.

Akaniambia yeye hataweza kuibeba tena, niipeleke mwenyewe. Yamumbi, ukipita posho mill, pale wanaposaga mahindi, duka lenye mlango wa buluu. Mzee anaitwa Gichuki. "Ukibisha mlango hatafungua. Piga dirisha." Akasimama, akanishika bega. "Asante, mwanangu." Akatoka. Nilipogeuka kutafuta gunia la kufungia feni na kuchungulia tena nje, veranda ilikuwa tupu.

Asubuhi nikaifunga kwa baiskeli nikaenda. Duka nililiona, lakini lilikuwa limefungwa, na mbele yake mahindi ya shambani yalikuwa yamefika kiunoni. Nikapiga dirisha. Aliyetoka hakuwa mzee. Alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nikamwambia nimeleta feni ya Mzee Gichuki. Nikafungua gunia.

Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mama wa hapa aliniletea niitengeneze."

"Mama gani?"

"Mama mwenye nyumba. Bibi ya mzee."

Uso wake ukabadilika. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akafungua kufuli ya stoo pale kando. Kufuli ilikuwa na kutu, ikamsumbua kufunguka. Ndani, juu ya rafu, kulikuwa na vumbi jingi na mviringo msafi katikati, mahali feni ilipokuwa imekaa. Akanigeukia.

"Mama yangu tulimzika kabla ya mahindi kupandwa," akasema. "Hii stoo nilifunga mwenyewe siku tuliyotoka makaburini. Sasa wewe niambie vile uliingia, ama niite chifu."

Majirani wawili walikuwa wameshasogea hapo kwa ua. Siku hizo kupelekwa kwa chifu kama mwizi halikuwa jambo dogo, wewe mwenyewe unajua au umesimuliwa. Nikarudi nyuma hadi kwa baiskeli yangu.

Hapo ndipo mzee alipotoka. Alikuwa amekonda, mashati mawili mwilini, akitembea kama mtu anayepima kama ardhi ipo. Binti yake akamwambia, "Baba, rudi ndani," lakini hakusikia, au hakutaka. Akaja moja kwa moja kwa feni. Akaipapasa kichwa, akapapasa bawa moja baada ya lingine, na nyuma ya bawa la tatu vidole vyake vikasimama.

"Kijana," akasema. "Hiki kifungo ni cha wapi?"

"Ni mama alinipa, Mzee. Alikikata kwa koti lake."

"Koti gani?"

"Jeusi. Kubwa. La watu wa reli."

Mzee akaketi pale pale kwa ngazi ya duka. Baadaye akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Alikuwa anasikia baridi huyo mama. Maisha yote. Nikawaambia hilo koti langu wamvalishe aende nalo. Wakasema sanduku halitafungika. Nikawaambia watafute njia."

Nikamtazama yule binti. Wambui, ndilo jina lake. Nikamwambia, "Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu."

Akajishika mdomo. Ni yeye aliyekishona, usiku wa kuamkia mazishi, kwa sababu kilikuwa kinaning'inia na uzi mweusi ulikuwa umeisha. Hakuwa amemwambia mtu, alikuwa anaona haya. Akaanza kulia kimya kimya, akawaambia majirani warudi kwao, hakuna mwizi.

Tuliiingiza feni ndani. Stima ilikuwa imefika hapo kwa sababu ya posho mill. Nikaiweka kwa meza karibu na kitanda, nikaiwasha. Mzee alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini. Nilimwona akiinamisha kichwa upande mmoja, jinsi mtu hufanya akiitwa kutoka mbali. Kisha akajilaza, viatu miguuni, na kabla Wambui hajamaliza kumfunika alikuwa amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliamka kesho yake, akaomba uji.

Wambui alinipikia chai. Aliniambia kwamba tangu mazishi baba yake hakuwa amelala usiku mzima hata mmoja, na yeye alikuwa ameacha watoto wake Moi's Bridge aje amwangalie akifa, maana hakuona lingine. Hatukuzungumza sana juu ya mama yake. Mchungaji alikuja siku nyingine, akaomba, na hakuna aliyetaja kufukua kaburi.

Mzee Gichuki aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa naenda kuitia feni mafuta, tunakaa, ananiita mwanangu. Alikuwa akiniambia kwamba ikizunguka vizuri husikia Zaburi ndani yake, mstari kwa mstari, na mahali bibi yake alipozoea kukosea kusoma, bado anakosea. Wambui naye aliniambia ameisikia mara moja. Mimi niliyeibalansi kwa mikono yangu nilitega sikio miaka yote hiyo, nikasikia feni tu. Nadhani Zaburi zile hazikuwa zangu kusikia.

Mzee alifariki usingizini. Wambui alihamia na feni kwake, na mara ya mwisho nilipouliza bado ilikuwa inazunguka. Mama yule hakurudi tena kwangu. Mpaka leo mvua ya mawe ikianza siwezi kufunga mlango wa kibanda, hata baridi ikiwa kali namna gani. Wenzangu hunicheka, nami huwaacha wacheke.

Wewe uliyenisikiliza, nakuomba kitu kimoja. Ukifiwa, usikimbilie kufagia vitu vya zamani vya nyumba na kuvifungia stoo kwa kufuli, ukisema havina kazi tena. Uliza kwanza vilikuwa vinamfanyia nani kazi. Huenda huyo mtu yuko hapo nyumbani, chumba cha pili, na hajalala.