Kanga Niliyemsikia Masako

Katika msitu wa Masako kazi yangu ni kuandika ndege kwenye daftari la profesa, niliyemwona na niliyemsikia. Yeye huamini kila mstari. Asubuhi moja nilisikia kanga wa porini ng'ambo ya kijito, nikamwandika kwa furaha. Njiani nikakutana na mwindaji mmoja mzee, tunayemwita tonton, yaani mjomba. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika mti.

“Uliandika? Ile kanga iko mimi! Nilikuwa naita wenzake kwa mudomo.”

“Waliitika?”

“Hata! Ni weye tu uliitika, na kalamu yako.”

Akaita tena mbele yangu. Sauti ilikuwa ileile.

Nilikata ule mstari bila kuufuta, profesa auone. Kisha hofu ikanishika: kanga wangapi wa nyuma walikuwa tonton? Kusema kweli, angeweza kunyamaza, nisijue kamwe. Tuliketi kwenye gogo, nikamsomea siku zangu zote za kanga. Mbili alikubali ni zake, nikazikata. Ya tatu aliifikiria sana.

“Bon, ile hapana. Siku ile tulikuwa kwa matanga, kule mbali Banalia.”

Hiyo nikaiacha ibaki daftarini. Pembeni nikaandika: kwa ushahidi wa mwindaji.