Chumvi Niliyoifungia Sandukuni

Nilificha chumvi yote ya nyumba yetu, na bado mama akaendelea kula chumvi.

Mama anauza dagaa sokoni hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka huu kichwa kilimsumbua, akapimwa, presha iko juu.

Sista Ariokot, muuguzi wa kliniki, aliniambia mimi kwa kuwa ndimi mpishi: "Chumvi basi. Umesikia?"

Mimi si mtu wa maneno. Niliitikia kwa kichwa. Nyumbani nikafungia kopo la chumvi kwenye sanduku langu la nguo.

Mama akaanza kusukuma sahani ya dodo, mchicha wetu wa huku.

"Kate, hii ni dodo ama majani ya ng'ombe?"

Roho iliniuma. Nikavuka upande wa Kenya, nikanunua vile vidonge vya mchuzi vya mraba, vyenye picha ya kuku. Nikavunjia viwili kwenye mboga.

Mama alimaliza yote! Akaniangalia, akatabasamu, akanyamaza.

Nikafurahi. Ladha ya kuku, chumvi hakuna. Nikawa naweka kila siku, hata kwenye wali.

Tuliporudi kupima, presha ilikuwa imepanda.

"Nani anampa chumvi?" Sista akauliza.

Nikamfikiria Goretti, mke wa kaka yangu. Anauza njugu za kukaanga pale malori yanapopanga foleni mpakani, na kila jioni humletea mama kidogo. Njugu za kuuza huloweshwa maji ya chumvi kwanza. Nani hajui?

Jioni hiyo mama akiwa bado sokoni, nilimngoja Goretti mlangoni.

"Unataka kutuulia mama?"

"Eh! Leo Kate ana mdomo!" Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki. "Unasema nini?"

"Njugu zako."

Nikampokonya, nikawamwagia kuku uani.

Alitazama kuku wakidonoa. "Haya, mulamu, wifi yangu. Sikanyagi hapa tena."

Hakukanyaga. Wala hakumwambia mtu.

Haukupita muda, mama akaanguka akichambua dodo. Mkono wa kushoto ulilegea kama nguo iliyolowa. Tukamkimbiza hospitali, Tororo.

Mama aliporudi nyumbani, Sista Ariokot alikuja kumwona. Akaingia hadi jikoni, akaokota vile vidonge vya mchuzi.

"Na hivi?"

"Ni vya kuku, Sista."

"Kuku gani? Lamba."

Nilizoea kuonja mchuzi tu. Kidonge chenyewe sikuwahi kukilamba.

Nikalamba. Chumvi! Ilinichoma ulimi. Kuku alikuwa kwenye picha tu.

"Imeandikwa hapa pembeni," akasema taratibu. Mimi shule niliacha darasa la nne. Yale maandishi madogo kama mayai ya chawa sikuwahi kuyatazama, wala kumwomba mtu anisomee. Niliona haya.

Nikaenda kwa Goretti, nikapiga magoti. Alishusha kopo dogo darini, akanitilia njugu mkononi.

"Onja."

Hazikuwa na chumvi hata chembe.

"Za mama nilikuwa nazikaanga kando, kavu," akasema. "Kuku wako walizifurahia?"

Nilitamani anipige.

Usiku ule nikamwambia mama yote, nikilia. Alinisikiliza, mkono mzima ukishika ule mgonjwa.

"Mimi nilijua tangu siku ile ya kwanza," akasema. "Ulimi wangu haujafa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilidhani umenihurumia, unanipa chumvi kwa siri. Nikaogopa Sista atakugombeza."

Yeye alinyamaza akinilinda. Mimi nilinyamaza kwa aibu ya kuuliza. Katikati yetu, chumvi ikapita.

Ndugu msomaji, kila unachotia kwenye sufuria, kilambe kwanza. Kama hujui kusoma pakiti, muulize mtu. Aibu hiyo ni ndogo.

Siku hizi mama anachambua dodo kwa mkono mmoja. Mimi namshikia shina.